Kopo la Mbaazi na Jina la Mama

Jumapili ya mavuno, saa nne na robo asubuhi, ndipo jina la Mama lilipotoka kwangu likaenda kwa mdogo wangu. Bwana asifiwe sana, ndugu zangu! Asifiwe tena! Na ninyi mliokaa nyuma, msiponisikia mnyooshe mkono, kwa sababu sauti yangu ni ndogo na kila mahali naambiwa nirudie. Nimeandika ushuhuda huu kwanza kwenye shajara yangu, na leo nitausoma tu. Nikiinua macho nitalia, na nikilia sitamaliza.

Naitwa Paulina. Niko kidato cha tatu, tunakaa Maisaka. Wengi hapa mnanijua kama dada yake Baraka, na hapo ndipo ushuhuda wangu unapoanzia.

Mimi ndiye mtoto wa kwanza. Mnajua ilivyo kwetu, mwanamke akishazaa anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mama alikuwa Mama Paulina. Dukani Mama Paulina, kwenye kikundi Mama Paulina. Mimi ni mtu wa kukaa pembeni, sina maneno, lakini jina langu lilikuwa linatembea mjini bila mimi kufungua mdomo. Nililipenda jambo hilo kuliko nilivyojua.

Sasa Jumapili ile ya mavuno nilipewa nisome somo la malimbuko. Mimi! Nilifanya mazoezi wiki nzima nyuma ya nyumba, nawasomea mbuzi. Kanisa limejaa, mbele ya madhabahu kuna maboga, mahindi, magunia ya mbaazi, na tenga la kuku wanaosubiri mnada wa baada ya ibada. Nikapanda, nikashika Biblia, nikavuta pumzi. Baraka, ambaye alikuwa darasa la pili, alikuwa amekwisha kutoka kwenye benchi la Mama bila Mama kujua. Akafungua tenga.

Ndugu zangu! Wengine wenu mlikuwepo. Jogoo alipanda juu ya kinanda. Kwaya ya akina mama ilitawanyika. Mzee wa kanisa mmoja, simtaji, aliteleza kwenye boga. Na katikati ya makelele yale mtu akapaza sauti, "Mtoto wa nani huyu?" Mwingine akasema, "Si Baraka! Mama Baraka yuko wapi? Mama Baraka, njoo umshike mwanao!"

Na Mama akasimama, akaitika, "Abee!"

Aliitika. Mimi nimesimama pale mbele na Biblia, mdomo wazi, sijasoma hata mstari mmoja, nikamsikia Mama anaitikia jina lisilo langu. Kwenye mnada kule nje mnadi akatangaza, "Kuku hawa wana mbio, wamefunzwa na mtoto wa Mama Baraka, pandisheni bei!" Watu wakacheka mpaka machozi. Somo akasoma mtu mwingine, kuku walipokwisha kukamatwa. Tangu siku hiyo Mama hakuitwa tena Mama Paulina na mtu yeyote. Nilitaka kitu kimoja tu maishani, Mama aitwe tena kwa jina langu, na sikuweza kukisema. Utakisemaje kitu kama hicho? Watu watakucheka.

Wivu ukaingia. Naueleza kama ulivyokuwa, sitaupamba. Nyumbani kila neno lilikuwa Baraka. Baraka kapanda juu ya tangi. Baraka kapoteza sweta tena. Baraka katoka darasani mwalimu anaongea. Baba ni dereva wa lori, akipiga simu kutoka safarini anauliza, "Baraka yuko salama?" Ndugu walikuja na dawa zao za maneno. Mjomba alisema achapwe. Shangazi alisema ni pipi. Jirani yetu Mama Happy alisema Mama anamdekeza. Wapo waliosema ana pepo la utundu, wakaja kumwombea, wakamwekea mikono kichwani, na Baraka alikaa kimya mpaka amina, halafu akauliza, "Kwa nini mjomba yule ana soksi mbili tofauti?"

Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Nilitazama mikono yote ile juu ya kichwa kimoja. Ndugu zangu, nilitamani na mimi niwe na pepo. Hata kadogo.

Shuleni kwake alichapwa sana, akahamishiwa nyuma, huko nyuma ndiko alikozidi kupotea. Mwalimu wake mpya, Mwalimu Rehema, ndiye aliyemwita Mama akamwambia, "Mama, mtoto huyu si mjinga wala si jeuri. Hesabu ya kwanza anapata, ya pili anapata, ya tatu yuko dirishani anahesabu ndege. Mpeleke hospitali wamwangalie."

Mama alilia njiani kurudi. Alidhani anaambiwa mwanawe ni kichaa.

Tukaenda hospitali. Mimi nilipelekwa ili nimshike Baraka Mama akiongea. Daktari alikuwa mama wa makamo, hana haraka. Alimpima masikio, alimpima macho, akauliza usingizi wake, akauliza alivyozaliwa, akauliza nyumbani yukoje na shuleni yukoje, na imekuwa hivyo tangu lini. Alisema hawezi kutoa jibu siku moja, anataka kusikia kwa mwalimu pia. Tulirudi zaidi ya mara moja. Mwisho akatuambia kuna hali inaitwa ADHD.

"Ni ugonjwa, daktari?" Mama akauliza.

"Ni ubongo unavyofanya kazi. Utulivu unamshinda, umakini unamshinda, na kuna breki. Mimi na wewe tukitaka kufanya jambo, kuna breki inashika kwanza. Yake inachelewa kushika. Anakuwa amekwisha kufanya ndipo anajua amefanya."

"Sasa mbona simulizi za simba anakaa anasikiliza mpaka mwisho?"

"Anachokipenda kinamshika chenyewe. Asichokipenda ndicho kazi. Hafanyi kusudi, Mama Baraka, na si wewe uliyemlea vibaya."

Hata daktari! Mama Baraka.

Akamfundisha Mama namna ya kufanya. Usimpe maagizo matatu kwa pamoja, mpe moja. Usipige kelele ukiwa mbali, sogea, mwite jina, akuangalie, ndipo useme, na useme kifupi. Akifanya vizuri msifu palepale, usingoje jioni. Saa za kula, za kusoma na za kulala zisibadilikebadilike. Mwache akimbie, mwili wake unahitaji. Kumchapa hakutamwongezea breki. Akamwambia pia kwamba dawa zipo na zinawasaidia watoto wengi, ila atamwandikia aende kwa daktari bingwa, yeye ndiye atakayeamua, na wakati wa kungoja waanze na haya ya nyumbani.

Mama alikuwa anatikisa kichwa tu, macho yamejaa machozi, najua nusu yake haikuingia. Mimi nilikuwa kwenye benchi la pembeni, nimeshika sweta la Baraka, na maneno yote yaliingia. Hakuna aliyejua kwamba nasikiliza.

Kabla hatujatoka daktari akauliza, "Una watoto wengine?"

Mama akanionyesha kwa kidevu. "Yupo huyu. Huyu hana shida."

Huyu hana shida! Nililala na neno hilo, nikaamka nalo. Ndugu zangu, mtu anaweza kusifiwa hivyo na bado akaumia kama katukanwa.

Ndipo likaja kopo. Daktari alisema watoto kama Baraka wanahitaji kuona kazi yao kwa macho. Sisi tunalima mbaazi, mbaazi hazikosi nyumbani, kwa hiyo Mama akachukua kopo la plastiki linaloonyesha ndani, akaliweka juu ya kabati la jikoni. Baraka akivaa viatu bila kuambiwa mara kumi, mbaazi moja. Akingoja zamu ya kuongea, mbaazi. Akimaliza kuandika, mbaazi, na Mama anapiga makofi. Kopo likijaa, Baraka atachagua zawadi. Akachagua kwenda ziwani kuangalia viboko.

Na ilifanya kazi! Sisemi alibadilika kama umeme. Kuna siku alitoka shule bila begi, bila kiatu kimoja, na hajui viliko. Lakini Mama aliacha kupiga kelele, Mwalimu Rehema akamkalisha mbele na kumtuma chaki ili ainuke kidogo, na Baraka akaanza kurudi nyumbani anaimba.

Mimi nilizidi kuwa mbaya ndani. Nilisugua masufuria ya ugali, sikupewa mbaazi. Niliteka maji, nilifua sare zake zilizojaa tope, sikupewa mbaazi. Nilishika nafasi ya tatu darasani, nikaweka ripoti mezani mbele ya Mama. Akasema, "Vizuri mwanangu," macho yako kwa Baraka anayefunga kamba za viatu, na akaiwekea ripoti yangu kikombe cha chai juu. Kile kiduara cha chai kipo hadi leo. Kila nilipopita jikoni nililitazama kopo lile. Nilijua limefika wapi kuliko mwenyewe.

Likabaki kidogo tu lijae. Bibi akaja kututembelea kutoka Mbulu, mguu unamsumbua. Jumapili tukaenda kanisani sote, yeye akabaki. Tuliporudi nyumba nzima inanukia makande na kuku. Tukala mezani kwa raha, Baraka akakaa kwenye kiti chake mpaka sahani ikaisha, jambo ambalo si dogo, Mama akasema, "Hongera! Kachukue mbaazi yako."

Baraka akakimbilia jikoni.  Halafu ukatoka ukelele ambao sijawahi kuusikia.

Kopo lilikuwa limeoshwa, limefunikwa kichwa chini kwenye kichanja cha vyombo. Tupu.

"Nani kachukua? Nani kachukua?" Baraka anapiga miguu ukutani. Na Mama akageuka, akaniangalia. Mimi moja kwa moja.

"Paulina. Nilijua tu. Nimekuona siku zote unavyolitazama hilo kopo."

Sikuguswa na kusingiziwa, ndugu zangu. Nilichosikia ni "nimekuona." Kumbe ananiona! Alikuwa anauona wivu wangu siku zote, na hakuna siku aliyoniuliza, Pau, una nini? 

Bibi akatoa mfupa wa kuku mdomoni, akauliza, "Mbaazi zipi? Zile za kwenye kopo?"

"Ndiyo, Mama," Mama akajibu.

"Lo! Si hizo mmekula! Nimezichambua, nikaziosha vizuri, mbona zilikuwa na uchafu wa mikono. Nikasema huyu mkwe wangu siku hizi anaweka mboga kidogokidogo kama panya."

Siku nyingine tungecheka. Mama aliweka mkono mdomoni, akanitazama mimi, akatazama sahani. Alianza kusema, "Pau, mwanangu..." Lakini mlango wa nyuma ulikuwa wazi unapigapiga, na Baraka hayupo.

Nilikimbia kwanza, sijui kwa nini ni mimi. Hata pale, nikikimbia, wivu ulikuwa unakimbia na mimi. Niliwaza, ningepotea mimi, je, kuna mtu angeacha sahani yake? Barabarani kijana wa bodaboda akaniita, "We sista! Dogo wako kapita hapa kama anakimbizwa na moto! Kaelekea ziwani!"

Ziwani! Viboko!

"Panda bwana, unashangaa nini?" akasema, na nikapanda.

Ndugu zangu, mnalijua ziwa letu. Jua likianza kushuka wale wanyama wanasogea kwenye majani. Nilimkuta Baraka katikati ya matete, maji yamempita magoti, anarusha mabonge ya tope. Na mbele yake, si mbali, masikio na pua juu ya maji. Viboko wawili, au zaidi, sikuhesabu. Yule kijana wa bodaboda akavuta pumzi ili apige kelele, nikamshika mkono. Usipige kelele ukiwa mbali. Nilijua Baraka akiitwa kwa ukali anakimbia, na akikimbia atakimbilia mbele, breki yake haitashika.

Nikasali neno moja tu, "Yesu," nikaingia kwenye tope. Nilisogea taratibu mpaka nikawa karibu naye. 

"Baraka."

Akageuka.

"Niangalie."

Akaniangalia.

"Nipe mkono."

Na akanipa mkono! Bwana asifiwe! Sikumwambia maneno mengine. Tulirudi kinyumenyume, hatua ndogo, mpaka udongo mkavu. Yale masikio yakazama. Kijana wa bodaboda akakaa chini akasema, "Aisee, sista, wewe ni mwalimu?"

Tulikaa kidogo miguu ikauke. Baraka alikuwa amekwisha kusahau kulia. Akaniuliza, "Dada, na wewe ungekuwa na kopo lako likajaa, ungechagua nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Na kwa kuwa aliniuliza mtoto, nikajibu kabla sijafikiri, kama yeye anavyojibu. "Mama aitwe Mama Paulina."

"Basi tu?"

"Basi tu."

"Mimi nilidhani utasema simu."

Bodaboda ikatupakia wote. Nyumbani uwanja umejaa, Mama yuko na khanga begani tayari kutoka, Bibi yuko mlangoni na fimbo yake, Mama Happy na majirani wengine wamekuja. Pikipiki haijasimama vizuri, Baraka akaruka chini na kupaza sauti yake yote, mbele ya watu wote:

"Mama! Dada anataka uitwe Mama Paulina!"

Nilitaka ardhi inifunike. Siri niliyoificha tangu kuku, Baraka hakuweza kuibeba hata kutoka ziwani mpaka nyumbani. Lakini ndugu zangu, nimekuja kusimama hapa kwa ajili ya hilo. Mimi nina breki nyingi mno. Nisingesema kamwe. Ningeolewa, ningezeeka, nisingesema. Mungu alimtumia mdogo wangu asiyeweza kunyamaza, kwa udhaifu uleule niliouonea wivu na kuulalamikia, akanifungua.

Mama akanisogelea. Halafu akauliza polepole, "Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu kuku," nikasema.

Mama Happy akacheka kwa kushtuka, akajifunika na khanga. Bibi akasema, "Lakini si ndiyo desturi? Mtoto wa kwanza ndiye jina la mama. Nani alibadilisha?"  Mama alinishika na tope langu lote, akalia, akaniomba radhi kwa ajili ya mbaazi, na kwa ajili ya ile siku ya hospitali. Kumbe na yeye aliikumbuka. Halafu akauliza jambo ambalo sikulitegemea. "Siku ile ya mavuno, ulikuwa usome nini?"

Jioni, kabla ya chakula, akanikalisha sebuleni nisome. Bibi akasinzia kidogo. Baraka hakukaa; alining'inia kichwa chini kwenye mgongo wa kochi, anarudia neno la mwisho la kila mstari. Mama aliniangalia mimi tangu neno la kwanza hadi amina, hata chungu kikaungua jikoni asiinuke.

Niseme na ya leo, maana wengine wenu mnaniuliza. Baraka alionwa na bingwa, anameza dawa asubuhi baada ya uji. Mchana hana hamu ya kula, kwa hiyo Mama anamwekea chakula cha kutosha jioni, na tunamrudisha kwa bingwa wamwangalie. Njia za nyumbani hatujaziacha. Mama aliogopa kwamba dawa ni kukosa imani, mchungaji akamwambia aendelee kuomba na aendelee kumpa dawa. Bado anapoteza sweta. Na mimi bado wivu unaninong'oneza siku nyingine, sitawadanganya; ila sasa nikiusikia naenda kumwambia Mama, "Leo naona wivu," na yeye anaacha anachofanya.

Nakushukuru Mungu wangu! Nawashukuru mlionisikiliza. Kama una mtoto asiyetulia, ndugu yangu, usimwite pepo, mpeleke wamwangalie, na umtumaini Mungu njia nzima ya kwenda na kurudi. Na kama unaye mwingine aliyetulia sana pale pembeni, na sinia mkononi, muulize na yeye. Na wewe uliyekaa pembeni, mtumaini Bwana, anakusikia hata kwa sauti ndogo kama yangu.

Asubuhi yake, baada ya siku ile ya ziwani, niliamka nikalifuta kopo, nikafungua gunia la mbaazi. Baraka akavaa viatu, nikaweka mbaazi ya kwanza mbele ya macho yake. Ng'ambo ya ua Mama Happy akaita, "Mama Baraka! Aa, samahani! Mama Paulina!" Mama akaitika "Abee!" kwa sauti ambayo nadhani waliisikia hadi Mutuka. Nikamshika Baraka mkono nikampeleka shule. Getini mlinzi akaniuliza, "Wewe ni nani wake?"

Nikasema, "Mimi ni dada yake Baraka." Hakuniambia nirudie.